Faida ya promota, siku ya mwangalizi

Asubuhi ya mashindano, kabla injini ya kwanza haijaunguruma, mwangalizi ameshapanda kilima. Ana koti la mvua, chupa ya chai, kalamu na kidude cha kutobolea kadi za alama. Amekabidhiwa kipande kimoja cha njia, pengine mita 30 tu za mawe yenye ukoga na mizizi iliyochomoza ardhini, naye atasimama hapo kwa muda wa saa sita au saba akitazama miguu ya watu. Anayepita bila kugusa chini haandikiwi kitu. Mguso mmoja ni alama moja ya adhabu, miwili ni mbili, mitatu na kuendelea ni tatu. Anayeanguka, anayerudi nyuma au anayetoka nje ya utepe anapata tano. Jioni, mwenye adhabu chache kuliko wote hutangazwa mshindi, na mwangalizi hushuka kilimani amelowa hadi soksi, bila malipo yoyote.

Huo ndio mchezo wa trayali. Pikipiki zake hazina kiti, zina uzito wa kilo 70 hivi, na mbio hazimpi mtu alama. Kinachopimwa ni mizani ya mwili, klachi na jicho. Nimeanza na mwangalizi kwa sababu kila mjadala niliousikia kuhusu mapromota na faida huanza na promota mwenyewe: ni mroho au ni mkombozi, anaujenga mchezo au anaunyonya. Tabia yake hainisaidii kuamua. Kinachonisaidia ni kuzifuata fedha tangu zinapotoka hadi zinapoishia, na katika safari hiyo mtu wa kwanza ninayekutana naye ni yule wa kilimani, ambaye bila yeye hakuna mashindano na ambaye bei yake kwenye bajeti ni sifuri.

Msimamo wangu niuseme mapema. Promota ana haki ya kupata faida kutokana na kile alichokileta yeye: watazamaji aliowavuta, wadhamini aliowatafuta, ukumbi alioukodi, televisheni aliyoishawishi. Hana haki ya kupata faida kutokana na siku ya mtu aliyejitolea, shamba lililotolewa kwa hisani, na ujuzi wa klabu iliyochora vipande. Akitaka kuvitumia hivyo navyo, avilipie. Kitakachobaki ni chake, na sitamuuliza ni kiasi gani.

Wanaopinga faida moja kwa moja huutetea mchezo huu kana kwamba ulizaliwa mbali na biashara. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1914 Alfred Angas Scott, mwenye kiwanda cha pikipiki huko Shipley, Yorkshire, aliwapa wafanyakazi wake changamoto ya kukatiza nyika na vijito vya eneo lile, na hapo yakazaliwa mashindano yanayoitwa kwa jina lake hadi leo. Pikipiki iliyotoka nzima kwenye matope yale ilikuwa tangazo tosha. Nusu karne baadaye Sammy Miller, mtu wa Ireland ya Kaskazini aliyekuwa amezoea kushinda akiwa juu ya Ariel, pikipiki ya Kiingereza, alihamia Bultaco, kiwanda cha Catalonia, Hispania, akashiriki kuiunda pikipiki yao ya Sherpa, na mwaka 1965 akashinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita ya Scotland. Ushindi ule uligeuza soko zima. Pikipiki nzito za Kiingereza zikaanza kuonekana za kizamani, Sherpa ikauzwa kwa maelfu, na Montesa na Ossa, nazo za Catalonia, zikaingia kwenye soko hilo kwa nguvu.

Tangu hapo watu wengi wamekula kupitia trayali bila kuulizwa. Viwanda vimeuza pikipiki, maduka yameuza matairi na helmeti, mabingwa wamefungua shule za mafunzo. Sijawahi kumsikia mtu akidai kwamba Bultaco ilipaswa kurudisha sehemu ya mauzo ya Sherpa kwa waangalizi walionyeshewa kule Scotland. Ila tukifika kwa mwandaaji, ghafla tunataka awe maskini ili tuamini kwamba anaupenda mchezo. Huo ni uonevu, na unatugharimu.

Unatugharimu kwa sababu kuandaa ni kazi ngumu. Chukua Uingereza pekee. Sheria ya barabara ya mwaka 1988 inakataza kuandaa au kushiriki trayali ya vyombo vya moto kwenye njia ya waenda kwa miguu au ya farasi bila idhini ya mamlaka ya eneo husika, na mamlaka hiyo haiwezi kutoa idhini bila ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi na ya anayeikalia. Hiyo ni karatasi moja. Bado kuna kibali cha chama cha mchezo, bima, watu wa huduma ya kwanza, vyoo, maegesho, vigingi na utepe, waelekezaji wa njia, mtu wa kujumlisha alama usiku huo huo, na watu wa kurudi kesho yake kung'oa kila kigingi na kufunga kila geti. Katika klabu nyingi mzigo huu uko mabegani mwa katibu mmoja anayeufanya usiku baada ya kutoka kazini. Anazeeka. Siku akichoka, hutafutwa mrithi, na mrithi akikosekana mashindano yaliyodumu miongo kadhaa hufa kimya kimya. Hakuna aliyeyaua na hakuna anayeyalilia kwa sauti.

Ndiyo maana promota anapojitokeza na kusema atayachukua mashindano hayo, atayaendesha vizuri, ila anataka kubaki na kitu, jibu langu la kwanza ni kumkaribisha. Mkono mtupu haulambwi. Mtu anayeacha kazi nyingine ili ashughulikie vibali na bima lazima ale, na asipokula atafanya mara mbili kisha ataondoka. Klabu inayomdharau kwa kutaka riziki, huku yenyewe haina hata mtu wa kupokea simu, inajidanganya.

Lakini hapo ndipo hesabu inapoanza, nayo haifanani porini na ukumbini.

Porini mtazamaji hapiti langoni, kwa kuwa lango halipo. Scottish Six Days Trial, yaliyoanza mwaka 1909, huchukua siku sita kwenye nyanda za juu kuzunguka Fort William, na siku moja inaweza kuwa na vipande 30 vilivyotawanyika kwenye mabonde na miteremko. Mtu anayetaka kutazama huvaa viatu vyake akapanda. Utamuuzia tiketi wapi? Mlima ule utauzungushia uzio gani? Kwa hiyo mfuko mkubwa wa mashindano ya porini ni mmoja tu: ada ya mwendeshaji mwenyewe. Wadhamini wapo, lakini mdhamini hununua macho ya watu, na kando ya mkondo wa maji porini macho ni machache.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya promota anayetaka faida ya mwaka huu izidi ya mwaka jana. Anaweza kupokea waendeshaji wengi zaidi, na hapo foleni kwenye kila kipande zinarefuka, mawe yanachakaa, aliyepita wa kumi na aliyepita wa mia hawakutani na kipande kile kile. Anaweza kupunguza vipande, ili aliyelipa apewe mchezo mfupi kwa bei ile ile. Anaweza kupunguza waangalizi, mmoja asimamie vipande viwili vilivyokaribiana, na makosa ya alama yaongezeke. Anaweza kubana huduma ya kwanza, jambo ambalo sitaki hata kulieleza zaidi. Zitazame njia hizo zote: kila moja inamuumiza yule yule aliyetoa fedha. Promota wa porini hata akiwa mwema kiasi gani, biashara yenyewe inamsukuma upande mbaya. Anayevumilia msukumo huo anastahili heshima, lakini sioni busara ya kuuweka mchezo mzima juu ya uvumilivu wa mtu mmoja.

Ukumbini msukumo unageuka. Mwaka 1978 Barcelona iliingiza trayali ndani ya ukumbi. Kufikia mwaka 1993 mchezo huo wa ndani ulikuwa na mfululizo wake wa kimataifa, ambao leo ni ubingwa wa dunia unaojulikana kama X-Trial. Promota wa ukumbini anakodi jengo, analeta malori ya mawe na magogo, anajenga vipande ambavyo keshokutwa vitabomolewa, analipia taa, sauti na matangazo. Watu wasipokuja, hasara ni yake. Akitaka tiketi zaidi, hana budi kuleta waendeshaji bora, vipande vinavyoeleweka hata na mtoto aliyekaa safu ya nyuma, na usiku usiochosha. Chema chajiuza. Kila hatua anayoichukua kutafuta faida inamnufaisha aliyelipa kuingia. Faida ya namna hiyo naipokea kwa mikono miwili, na sioni kwa nini mtu aione haya.

Naongeza kwamba ukumbi umewapa mabingwa riziki ambayo mlima peke yake haukuweza kuwapa. Toni Bou, Mkatalani ambaye tangu mwaka 2007 amekuwa akitwaa mataji ya dunia nje na ndani mwaka baada ya mwaka hadi yakapita 30, ni mwanamichezo mwenye rekodi ambayo michezo michache sana duniani inaweza kuonyesha mfano wake. Mtu wa kiwango hicho anapaswa kuonekana na kulipwa, na aliyemweka mbele ya maelfu ya watu waliokaa kwenye viti vikavu amefanya kazi halali.

Hata hivyo, ukumbi una deni ambalo halijaandikwa popote. Usiku wa X-Trial huhitaji waendeshaji wachache mno, hawajazi hata basi dogo. Wachache hao hawakuota ukumbini. Tazama familia ya Lampkin ya Yorkshire. Martin Lampkin alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1975, kaka yake Alan alikuwa ameshinda Scottish Six Days Trial mwaka 1966, na mwanawe Dougie alitwaa mataji saba ya dunia ya nje mfululizo, 1997 hadi 2003, na kuyashinda mashindano ya Scotland mara 12. Ukoo kama huo hulelewa na mamia ya Jumapili za klabu, kwa vigingi vilivyopigwa na watu wasiojulikana, chini ya macho ya waangalizi waliokuja na chupa zao za chai. Promota wa ukumbini huvuna kwenye shamba asilolilima. Haibi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia alipe. Ila kama waendeshaji wa kesho wanatoka kwenye klabu, na klabu zinakufa kwa kukosa makatibu, basi hata kwa maslahi yake mwenyewe angepaswa kutenga sehemu ndogo ya kila tiketi irudi kule. Vyama vya mchezo vinavyompa kibali vina uwezo wa kuliandika sharti hilo kwenye mkataba. Kutoliandika ni uzembe wa vyama, na hapo lawama naiweka juu yao kabla ya promota.

Kuna jambo jingine la ukumbini linalonipa wasiwasi zaidi ya fedha: kanuni. Mwenye kununua haki za kuonyesha mchezo baada ya muda huanza kuutaka mchezo unaoonyesheka vizuri. Mwaka 2013 shirikisho la kimataifa, FIM, lilirudisha kanuni ya kutosimama ndani ya kipande, na ubishi uliozuka kati ya waendeshaji, waangalizi na wakongwe ulionyesha jinsi kanuni moja inavyoweza kubadili ni nani mwenye kipaji. Anayejua kusimama palepale na kurukaruka na tairi la nyuma ana ustadi mmoja. Anayejua kutiririka bila kukoma ana mwingine. Kanuni na zibadilike, mchezo hauwezi kugandishwa. Lakini anayezibadilisha asiwe mtu ambaye mauzo yake yanategemea jibu. Promota aombe, apendekeze, alete picha za video na maoni ya watazamaji. Kura asipige.

Wapo wanaonitajia MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, kama mfano wa kufuata. Mwaka 1992 kampuni ya Dorna ilichukua haki za kibiashara za mashindano yale, ikayajenga kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka 2025 Liberty Media ya Marekani ikakamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya kampuni hiyo kwa thamani inayohesabiwa kwa mabilioni ya euro. Huo ni ushahidi kwamba promota anaweza kuumba mali mahali palipokuwa na mvurugano, na sibishi. Nakumbusha tu kwamba hata katika mashindano hayo ya mabilioni, wengi wa wasimamizi wanaosimama kando ya njia na bendera, wale wanaokimbia kumwondoa aliyeanguka kabla wengine hawajamfikia, bado ni watu wa kujitolea katika raundi nyingi. Fedha zilipoongezeka juu hazikuteremka zenyewe hadi kwa mwenye bendera. Kwa hiyo anayeniambia tumwache promota kwanza atajirike, halafu waangalizi watakumbukwa, ananiomba niamini kitu ambacho mchezo mkubwa kuliko wetu haujakitimiza.

Turudi basi kilimani, maana hapo ndipo kisingizio kinapotumika zaidi. Huwa tunaambiwa kwamba waangalizi hawawezi kulipwa kwa sababu ada ingepanda hadi watu wakimbie. Hebu tuhesabu. Chukua mashindano ya kawaida ya klabu: vipande 10, vinavyopitwa mara tatu au nne, na waendeshaji 60. Ukiweka mwangalizi mmoja kila kipande, una waangalizi 10 kwa waendeshaji 60. Kila mwendeshaji anabeba moja ya sita ya malipo ya siku moja ya mwangalizi. Ukiweka wawili kila kipande, anabeba moja ya tatu. Kwenye mashindano makubwa ya vipande 30 na waendeshaji 150, mwangalizi mmoja kwa kila kipande ni moja ya tano. Si fedha za kudharau, hasa kwa kijana anayejilipia mwenyewe mafuta na matairi. Lakini si mlima usiopandika. Promota anayesema haiwezekani kabisa anasema kitu kingine kwa siri: kwamba ile moja ya sita anaihitaji iwe faida yake.

Niliwahi kuwa mwangalizi kwenye mashindano ya namna hiyo. Mwandaaji alikuwa mtu mwenye kampuni. Ada ilikuwa juu kuliko ya klabu, maegesho yalilipiwa, mabango ya wadhamini yalianzia barabarani hadi mahali pa kuanzia. Sisi tuliitwa kwa maneno yale yale ya siku zote, kwamba mchezo unatuhitaji. Mchana mvua ikazidi, chakula hakikufika kwenye vipande vya mbali, na mwenzangu wa kipande cha chini, mzee aliyekuwa ameifanya kazi ile tangu pikipiki zikiwa na breki za ngoma, akanipigia simu kuuliza kama kuna mtu anayekumbuka kwamba yuko kule. Sikuwa na jibu. Baridi aliyoipata siku ile alikuwa ameipata mara nyingi kwenye mashindano ya klabu na hakuwahi kulalamika. Kilichomuumiza ni kugundua kwamba hisani yake ilikuwa imegeuzwa kazi ya bei rahisi bila yeye kuulizwa. Hakurudi tena kusimama, hata kwenye mashindano ya klabu yake mwenyewe.

Hasara hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko nyingine zote, kwa kuwa haionekani kwenye vitabu vya mtu yeyote. Promota alipata faida yake na pengine aliistahili kwa sehemu. Lakini alitumia akiba ambayo si yake, utayari wa watu kuja bure, na akiba hiyo ikishachotwa na mmoja hupungua kwa wote. Klabu jirani inapopiga simu wiki mbili baadaye kuomba waangalizi wa mashindano yasiyo na faida hata ya senti moja, inakuta watu wamechoka na wana mashaka.

Linganisha na yale mashindano ya Scott. Ni magumu kupita kiasi: njia ndefu ya nyika, vipande zaidi ya 70, tena huko muda nao huhesabiwa, kwani anayemaliza haraka kuliko wote huweka muda wa kipimo na wengine hupewa adhabu kwa kila dakika waliyochelewa. Yanahitaji watu wengi wa kujitolea, na hupata. Fedha zinazobaki huenda kwenye misaada ya jamii ya eneo hilo, na kila anayesimama kwenye tope anajua hivyo kabla hajatoka nyumbani. Mtu akijua jasho lake linakwenda wapi, hulitoa bila kinyongo. Yule mzee wa kipande cha chini angesimama pale hadi usiku.

Kisha kuna ardhi. Promota na klabu wanapokwenda kwa mwenye shamba, wanaonekana kuomba kitu kimoja, lakini wanahatarisha vitu viwili tofauti. Mambo yakiharibika, promota hupoteza fedha, na fedha hutafutwa upya; anaweza kwenda wilaya nyingine au mchezo mwingine. Klabu hupoteza bonde. Geti moja lililoachwa wazi, kondoo walioingia barabarani, tope lililomwagwa kwenye njia ya jirani, kelele iliyovuka saa iliyoahidiwa, na mwenye shamba husema basi, nasema basi kwa kila mwenye pikipiki. Hatofautishi kampuni na klabu. Bonde lililotumika kwa vizazi viwili hufungwa kwa kosa la siku moja la mtu ambaye hatarudi. Kwa hiyo mwenye kutaka faida kwenye ardhi iliyofunguliwa kwa uhusiano wa klabu na alipe kodi halisi kwa mwenye shamba, aweke amana ya kurekebisha uharibifu, na klabu iwe na neno la mwisho kuhusu idadi ya waendeshaji. Promota aliyenunua au kukodi ardhi yake mwenyewe, akatengeneza vipande vya kudumu na kutoza watu kwa siku, huyo simhusishi na lolote kati ya haya. Anatunza cha kwake, apange bei anayoitaka.

Nitaambiwa kwamba masharti haya yatawafukuza mapromota wadogo. Baadhi yatawafukuza, ndiyo. Promota ambaye biashara yake inasimama tu pale ambapo waangalizi hawalipwi, ardhi ni ya hisani na vipande vimechorwa na klabu bure, hana biashara. Ana ruzuku, na wanaoitoa hawajaambiwa kwamba wanaitoa. Mashindano ya namna hiyo ni bora yabaki ya klabu, yaendeshwe kama ambavyo klabu nyingi zimekuwa zikifanya: kila mwendeshaji awe mwangalizi angalau siku moja kwa msimu, au kwenye mashindano madogo waendeshaji waandikiane alama wenyewe kwa makundi. Klabu hiyo ikitaka kumlipa katibu wake ili asichoke, na imlipe, waziwazi, wanachama wakijua kiasi. Hilo nalo ni malipo, na sioni tofauti ya heshima kati ya katibu anayelipwa na promota anayelipwa, mradi wote wawili wamesema.

Kusema ndiko ninakokusisitiza kuliko viwango vyenyewe. Sihitaji promota aniombe ruhusa ya kupata faida. Nahitaji ukurasa mmoja, kabla ya siku ya mashindano, unaoonyesha ada zimekusanya kiasi gani, wadhamini wametoa kiasi gani, mwenye ardhi anapata nini, waangalizi wanapata nini, na anayeandaa anabaki na nini. Akiwa na ukurasa huo, mwangalizi ataamua mwenyewe kama siku yake anaitoa, anaiuza au anabaki nayo nyumbani. Wengine watasimama bure hata baada ya kuusoma, kwa sababu wanapenda kipande chao na wanataka kumwona kijana fulani akikipita safi kwa mara ya kwanza. Hiyo ni haki yao, na itakuwa hisani ya kweli.

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Mashindano mapya, mwandaaji mpya, kipande cha saba, saa moja asubuhi. Nimemwambia nitakuja. Nimemwomba anitumie ukurasa ule kwanza.